Mkemia Akihamia Kwenye Data: Anachobeba, Anachojifunza, na Ndege wa Jumamosi

Mtu aliyewahi kupima floraidi kwenye maji ya visima vya Mlima Meru, karibu na Arusha, kwa elektrodi ameshafanya sayansi ya data, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Ameandaa miyeyusho sanifu, tuseme ya 0.2, 1, 2 na 10 mg/L. Ameongeza bafa ya kushikilia pH kati ya 5 na 5.5, kwa sababu pH ikishuka chini ya hapo sehemu ya floraidi hujifunga na hidrojeni na elektrodi haiioni tena, na ikipanda sana haidroksaidi huanza kusomeka kama floraidi. Ndani ya bafa hiyo mna pia kiambato cha kuinyang'anya aluminiamu na chuma floraidi waliyoishika. Kisha amesoma milivolti, akazichora dhidi ya logi ya ukolezi, akapata mstari ulionyooka unaoshuka karibu milivolti 59 kila ukolezi unapoongezeka mara 10, kwa joto la nyuzi 25. Mwinamo ukimtokea 48, anasimama. Hasomi sampuli hata moja mpaka ajue kama tatizo ni elektrodi iliyochoka, bafa ya zamani, au myeyusho uliotengenezwa vibaya.

Kwa lugha ya fani anayotaka kuhamia, mtu huyo amechagua kigezo, amekibadilisha kwa logi, amefundisha modeli ya regresheni (mstari unaokadiria namba moja kutokana na nyingine), na amepima jibu la modeli dhidi ya nadharia kabla ya kulitumia. Hatua hiyo ya mwisho wengi walioingia kwenye data kwa mlango wa kompyuta huiruka. Sisi tuliotoka maabara tunamwambia kila mkemia anayetaka kuhama: usijihesabu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kuandika msimbo utajifunza, kuna vitabu na video za kutosha. Mazoea ya kuuliza namba imetoka wapi, imepimwa na nini, na nafasi iliyo wazi ina maana gani, hayo unayo tayari, na ndiyo yatakayokulipa.

Chukua mfano wa sampuli inayotoka nje ya kalibresheni, yaani nje ya masafa ya miyeyusho sanifu. Maji ya mto kwenye miteremko ya Meru yanaweza kuwa na floraidi inayozidi 10 mg/L. Mkemia haongezi mstari kwa rula hadi uifikie namba hiyo. Anazimua sampuli mara 5 au mara 10, anapima tena ndani ya masafa aliyoyajaribu, kisha anazidisha. Sasa tazama mchambuzi anayetumia msitu nasibu, ile modeli inayokusanya miti mingi ya maamuzi, kukadiria kiasi cha kitu. Jibu la modeli hiyo ni wastani wa thamani ilizoziona wakati wa mafunzo, kwa hiyo haiwezi kamwe kutoa namba iliyo juu ya ile kubwa kuliko zote ilizoziona. Ukiifundisha kwa visima vya hadi 8 mg/L, ukaipa kisima cha 20, itakujibu kwa utulivu kitu kisichozidi 8, na haitakuonya. Mkemia aliyeiva katika kazi yake huliona hilo mara moja, kwa sababu swali la kwanza kichwani mwake ni: masafa ya kalibresheni yanaishia wapi?

Undugu huu una historia. Jaribio la t, la kulinganisha wastani, linalofundishwa kila darasa la takwimu, lilichapishwa 1908 na William Sealy Gosset kwa jina la kalamu la Student. Gosset alisoma kemia na hisabati Oxford, na alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, akihangaika na sampuli chache za shayiri na hopsi. Frank Wilcoxon, mwenye jaribio la kupanga data kwa vyeo la 1945, alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia. William Youden, ambaye faharasa yake ya 1950 bado inatumika kupima vipimo vya magonjwa, naye mkemia. George Box alianzia kwenye kemia na alijisomea takwimu wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu majaribio aliyopewa yalikuwa na matokeo yanayotawanyika mno. Wote walifika kwenye takwimu wakisukumwa na tatizo la benchi la maabara. Anayehama leo anapita njia iliyokwishakanyagwa.

Hata hivyo yapo mazoea ya maabara yanayoleta hasara yakifika kwenye kompyuta, na ni afadhali yasemwe kwa undani.

La kwanza ni Excel. Maabara nyingi huishi ndani ya Excel, na Excel hubadilisha maandishi bila kuuliza. Sampuli iliyoandikwa 3-12 inageuka tarehe. Sufuri za mwanzo kwenye namba ya kisima zinapotea. Wanabiolojia waliteseka na jambo hili mpaka 2020, pale majina ya jeni kadhaa yalipobadilishwa rasmi, likiwamo MARCH1 ambalo sasa ni MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyasoma kama tarehe. Dawa yake ni kuhifadhi faili ghafi ambalo halifunguliwi kwa Excel kamwe, na kulisoma kwa Python (lugha ya kuandikia msimbo) kila safu ikiwa maandishi matupu kwanza (`dtype=str` kwenye `read_csv`), halafu wewe mwenyewe unaamua safu ipi igeuzwe namba.

La pili ni alama ya "chini ya". Hapa ndipo mkemia anapoweza kuonyesha thamani yake, na ndipo pia anapoweza kuharibu kila kitu kwa mstari mmoja wa msimbo. Tuseme una vipimo vitano vya chuma kwenye maji, kwa mg/L: 0.42, 0.31, <0.05, <0.05 na 0.12. Zile mbili zenye alama maana yake mashine haikuweza kuona kitu, kwa kuwa 0.05 ndicho kiwango cha chini kabisa inachokiona. Kuna maagizo ya pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali) yanayofundishwa kila mahali, `to_numeric` pamoja na `errors="coerce"`, ambayo hugeuza chochote kisicho namba kuwa nafasi wazi. Ukiyatumia, sampuli zako mbili safi kuliko zote zinatoweka kimyakimya, na wastani wa zilizobaki unakuwa 0.28. Sasa hesabu kwa mikono. Ukiziweka zile mbili kuwa sifuri, wastani ni 0.17. Ukiziweka 0.05 kila moja, ni 0.19. Kwa hiyo wastani wa kweli wa vipimo hivyo uko kati ya 0.17 na 0.19, na kompyuta imekupa 0.28, namba iliyo nje kabisa ya kinachowezekana. Na kwa chuma, ambacho huanza kuleta ladha na madoa kwenye nguo kikifika karibu 0.3 mg/L, tofauti hiyo inatosha kuamua kama kisima kiwekewe chujio.

Njia safi ni kuvunja safu hiyo mara mbili: moja ya namba, nyingine ya ndiyo au hapana inayosema kama kipimo kilikuwa chini ya uwezo wa mashine. Kisha utoe jibu kwa mipaka miwili, ya chini na ya juu. Mipaka ikikaribiana kama hapo juu, kazi imekwisha. Ikiachana sana, tumia kipimo cha katikati: ukizipanga zile tano, ya tatu ni 0.12, na hiyo haitaki ubashiri wowote kuhusu zile mbili. Desturi ya kuweka nusu ya kikomo kila mahali imezoeleka mno maabara. Inavumilika zikiwa chache, lakini zikifika robo ya data yote inatengeneza rundo la thamani zinazofanana ambalo modeli italikariri kana kwamba ni tabia ya maji.

La tatu ni kupima mara tatu. Maabara nzuri hupima sampuli moja mara tatu, na mkemia huziingiza zote kwenye jedwali, mstari kwa mstari. Akija kugawa data kwa bahati nasibu, 80% za mafunzo na 20% za jaribio, vipimo viwili vya sampuli moja vinaangukia mafunzo na cha tatu kinaangukia jaribio. Modeli inapewa mtihani ambao majibu yake imeshayaona. Usahihi unatoka wa kupendeza sana, watu wanapongezana, na siku ya kupeleka modeli kwenye kisima kipya inaanguka. Gawanya kwa sampuli, usigawe kwa mstari. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python ya kujenga modeli, kifaa chake kinaitwa `GroupKFold`, unakipa safu yenye namba ya sampuli na chenyewe kinahakikisha sampuli haikatwi vipande. Kama visima viko kijiji kimoja na vinachota mwamba mmoja, gawanya kwa kijiji.

Na jambo la nne, dogo kwa maneno lakini kubwa kwa matokeo: hifadhi namba, usihifadhi hukumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi 1.5 mg/L kwenye maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kabla ya kushuka kwenye 1.5. Aliyeandika kwenye daftari "inafaa" na "haifai" tu, data zake zilikufa siku kiwango kilipobadilika. Aliyeandika 2.7 anahesabu upya kwa dakika moja.

Sasa ya kujifunza. Mpangilio tunaoushauri unaanza na Python na pandas, ukifuata SQL (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata), kisha takwimu kwa uzito, kisha Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo), na ujifunzaji wa mashine mwishoni kabisa. Wengi hukimbilia mwisho kwa sababu ndiko kwenye mvuto. Lakini kwenye usaili wa kazi ya kwanza utaulizwa SQL kuliko kitu kingine chochote, na hasa kuunganisha majedwali mawili. Hapa pia kemia inasaidia: fanya mizania ya masi. Kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka. Tuseme una jedwali la sampuli 1,200 na kila moja ina vipimo 3 kwenye jedwali la pili. Baada ya kuunganisha unatarajia mistari 3,600. Ukipata 3,588, sampuli 4 zimepotea njiani, na mara nyingi sababu ni nafasi tupu mwishoni mwa jina, au "Usa River" upande mmoja na "USA-RIVER" upande mwingine. Ukipata 3,900, kuna namba ya sampuli iliyojirudia kwenye jedwali ambalo ulidhani halina marudio. Hesabu kabla, hesabu baada, na uandike hesabu hizo ndani ya msimbo ili zijikague zenyewe kila unapouendesha.

Kwa muda, mtu mwenye kazi ya kutwa ajipangie saa 8 kwa wiki. Kwa mwaka zinafika saa 400, na zinatosha kumfikisha kwenye kazi ya mchambuzi akiwa na shahada ya kemia mkononi. Ajipe mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayeahidi kukutoa maabara kwa wiki 12 anauza kozi.

Kompyuta ya GB 8 za RAM inatosha kuanzia, 16 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha, na diski iwe SSD. Iliyotumika si vibaya mradi betri yake inashika angalau saa 2, maana umeme utakatika katikati ya zoezi. Usisakinishe Anaconda nzima, kifurushi kikubwa cha Python, kwa bando la simu, inakula gigabaiti kadhaa. Chukua Miniconda, toleo lake dogo, halafu pandas, scikit-learn, matplotlib (ya kuchora grafu) na JupyterLab (daftari la kuandikia msimbo) tu. Siku ukipata Wi-Fi ya ofisi au chuo, pakua na maelezo ya pandas yenyewe uyasome bila mtandao. Ni bora kuliko video nyingi, na hayamalizi bando.

Mradi wa kwanza tunaoupendekeza kwa mtu wa Afrika Mashariki unahusu vituo vya maji vya Tanzania, kwa data zilizotoka Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, ambazo DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, waliziweka wazi kwa mashindano. Faili la mafunzo lina mistari 59,400, kila mstari kituo kimoja cha maji, na halizidi sana MB 20. Swali ni moja: kituo kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au kimekufa? Asilimia 54.3 vinafanya kazi, 38.4 vimekufa, na 7.3 vinahitaji matengenezo. Uzuri wa data hizi ni kwamba ni chafu kwa namna halisi, namna ambayo mkemia wa maji anaielewa kuliko mtu mwingine.

Anza na safu iitwayo `amount_tsh`. Watanzania wengi wakiiona wanasoma shilingi za Tanzania na kuanza kuichambua kama malipo ya maji. Kumbe ni kimo cha maji kinachosukuma hadi kwenye kituo, kwa vifupisho vya mafundi wa maji. Karibu 70% ya thamani zake ni sifuri. Je, sifuri hiyo ni kimo cha kweli, au ni kwamba aliyepita na fomu hakupima? Kamwe usiijaze wastani kabla ya kujibu swali hilo. Mwaka wa ujenzi una sifuri kwenye mistari 20,709, na hakuna pampu iliyojengwa mwaka 0. Longitudo ni sifuri kwenye mistari 1,812, na latitudo ya vituo hivyo imeandikwa namba ndogo mno kama -0.00000002. Ukivichora kwenye ramani vinatua baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, ilhali safu ya mkoa inasema viko Kanda ya Ziwa. Vituo hivyo visifutwe. Vipe longitudo na latitudo za katikati ya wilaya yake, na uongeze safu inayosema kwamba umefanya hivyo. Safu ya `quantity_group` ni nakala ya `quantity`, toa moja. Safu ya aliyerekodi ina jina moja tu toka mwanzo hadi mwisho, haina habari yoyote, iondoe.

Kisha kuna ubora wa maji: laini, ya chumvi, kama maziwa, yenye rangi, yenye floraidi. Hapo mkemia ajiulize fundi alijuaje kwamba yana floraidi. Chumvi unaionja, rangi unaiona, floraidi huonji wala huoni. Ama kulikuwa na kipimo cha maabara, ama aliangalia meno ya wanakijiji, ama aliambiwa. Kwa hiyo kituo ambacho hakikuandikwa "floraidi" hakimaanishi maji yake hayana. Aya moja ya namna hiyo kwenye ripoti yako itamshawishi mwajiri kuliko grafu kumi.

Ukifika kwenye modeli, anza na ya kijinga kabisa: sema kila kituo kinafanya kazi. Utapata 54.3%, na hiyo ndiyo sampuli yako tupu, kama ile ya maabara isiyo na kitu cha kupimwa, kila kingine kipimwe dhidi yake. Msitu nasibu wa miti 300 hivi utakupa karibu 80% bila ufundi mkubwa. Usisherehekee bado. Angalia lile kundi dogo la 7.3%, vituo vinavyohitaji matengenezo. Modeli ya kawaida hukosa zaidi ya nusu yake, ilhali kwa mhandisi wa wilaya mwenye gari moja na mafundi wawili hilo ndilo kundi lenye maana kuliko yote, kwani pampu iliyolegea inatengenezwa kwa gharama ndogo kabla haijafa. Toa matokeo kwa kila kundi, na ueleze gharama ya kukosea kila upande. Ukimaliza mradi huu sawasawa, ukauandika kwa kurasa 4 anazoweza kuzielewa mtu wa halmashauri, una kitu cha kuonyesha. Miradi 3 ya namna hiyo inatosha. Daftari 15 za mazoezi ya kunakili hazimshawishi mtu.

Katika mwaka huo wote, hobi zako zibaki. Tunalisema kwa msisitizo kwa sababu tumeona watu wazuri wakiishia njiani, na karibu kila mara mtiririko ni uleule: anaacha kwaya ili apate muda wa kusoma, kisha anaacha mpira wa Jumamosi, kisha bustani, kwa miezi mitatu anasoma kama mtu aliyepagawa, mwezi wa nne anachukia kuiona kompyuta. Kozi inakufa na kwaya imeshampa mtu mwingine nafasi yake. Saa 8 za wiki zinapatikana bila hayo: Jumatatu, Jumanne na Alhamisi dakika 90 kila siku, na Jumamosi mchana saa 3 na nusu. Jumatano jioni ni ya mazoezi ya kwaya. Jumapili kompyuta haifunguliwi. Anayefanya kazi kwa zamu maabara ahesabu kwa wiki mbili badala ya moja, na asijilazimishe kusoma baada ya zamu ya usiku, maana atakachokisoma hakitabaki.

Jumamosi alfajiri, basi, ni ya ndege. Kuangalia ndege kunamfaa mkemia kwa kuwa kunataka jicho lilelile la kutofautisha vitu vinavyofanana, ila nje, kwenye hewa, ukitembea. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, kwa hiyo hakuna haja ya safari ndefu, hata uani mwa nyumba chozi na shorewanda hawakosi. Kifaa kikubwa ni darubini ya macho mawili. Chagua 8x42: inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina milimita 42, na ukigawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, kipenyo cha mwanga unaofika jichoni kwa milimita, ambacho ni kizuri kwa saa 12 asubuhi kunapokuwa bado na giza la miti. Ya 10x inavutia dukani, lakini mkononi inatikisika na uwanja wake ni mwembamba, anayeanza humpoteza ndege kabla hajamlenga. Fika saa 12, ondoka saa 3, baada ya hapo jua limepanda na ndege wengi wametulia.

Anayeishi Arusha ana bahati ya pekee. Maziwa ya Momela yako ndani ya hifadhi iliyo jirani na mji, ni maji ya magadi, na heroe huja kula mwani mdogo unaostawi humo. Mkemia aliyekuwa akipima maji ya miteremko hiyo wiki nzima anasimama ukingoni akijua kwa nini ziwa moja lina rangi tofauti na jirani yake na kwa nini heroe wamejazana hili na si lile. Hiyo ni raha ambayo haitaki cheti.

Kama unataka kuandika unachokiona, eBird, iliyoanzishwa 2002 na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell pamoja na shirika la Audubon, inauliza swali ambalo kila fomu ya kisima ingepaswa kuliuliza: je, hii ni orodha kamili ya ndege wote ulioweza kuwatambua? Ukijibu ndiyo, ukaandika na muda na umbali uliotembea, basi kukosekana kwa kwarara kwenye orodha yako kuna maana, hakuonekana ingawa alitafutwa. Ukijibu hapana, kukosekana kwake hakusemi kitu. Kwa hiyo ukitaka kujua mbayuwayu wa Ulaya huwasili kwenu wiki gani, usitazame tarehe ya kwanza walipoonekana tu, gawanya idadi ya orodha walizomo kwa idadi ya orodha zote kamili za wiki hiyo. Huo ni mradi mdogo mzuri, na unaweza kuwa mmojawapo wa ile mitatu.

Lakini uwe mmoja. Hobi ikishakuwa mradi inaanza kudai ratiba, na siku utakapoinua darubini ukiwaza safu za jedwali, umepoteza pumziko lako. Kanuni yetu ni hobi moja inaweza kugusa data, nyingine isiguse kabisa. Kwaya haihesabiwi. Bao halihesabiwi.

Kwenye kutafuta kazi, mlango ulio karibu zaidi ni wa mwajiri uliye naye. Maabara ya mgodi, ya mamlaka ya maji, ya kiwanda cha saruji au cha bia, zote zina miaka ya matokeo yaliyolala kwenye faili ambayo hakuna aliyewahi kuyatazama kwa pamoja. Omba ruhusa ya kutengeneza chati ya udhibiti wa ubora inayojisasisha yenyewe kila asubuhi. Ikiokoa saa 5 za mtu kwa wiki, andika hivyo kwenye wasifu wako, badala ya "nilitumia HPLC" (mashine ya maabara ya kutenganisha kemikali). Kutoka hapo ombi la cheo cha mchambuzi wa data halionekani la ajabu. Ukihamia benki au kampuni ya simu, jiandae mshahara wa mwanzo kuwa sawa na wa sasa au chini kidogo, na usiache kazi kabla hujasaini mkataba mpya. Anayelazimika kuacha awe na akiba ya miezi 6.

Usitoe data za mwajiri kwenda kuzionyesha popote, hata ukifuta majina. Matokeo ya maabara ni mali yake. Na yakiwa yanahusu watu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Tumia data za wazi kama zile za vituo vya maji.

Ukishaajiriwa, wiki mbili za mwanzo usikimbilie modeli. Omba upelekwe mahali data zinapozaliwa: kwenye kaunta ya wakala, kwenye ghala, kwenye pampu. Kaa na anayejaza fomu. Muulize anaandika nini betri ya mita ikiisha, mteja akikataa kujibu, au mlango ukiwa umefungwa: anaacha wazi, anaweka sifuri, anaweka mstari, au anarudia namba ya mwezi uliopita. Andika majibu yake kwenye kamusi ya data, safu kwa safu, pamoja na tarehe uliyouliza na cheo cha aliyekujibu, halafu mpe msimamizi wako nakala.